"Mnanifukuzia wateja": hesabu ambayo wenye maduka hawaipigi

Mwonyeshe mwenye duka mchoro wa barabara iliyoachiwa waenda kwa miguu, na kabla hajaumaliza kuutazama atakwambia biashara imekufa. Gari moja lililoegeshwa hula mita 2.5 kwa 5.5, na mara nyingi si la mteja. Ni la mwenye duka mwenyewe, limekaa hapo tangu saa mbili asubuhi.

Luthuli Avenue, Nairobi, iliyogeuzwa ya mwelekeo mmoja na kupanuliwa njia za miguu mwaka 2019, ni mtaa wa spika na televisheni. Mteja wa pale hushuka kwenye matatu mahali pengine, akamalizia kwa miguu. Njia ya mita 3 ikiachiwa magari madogo hupitisha watu kama 600 hadi 1,600 kwa saa. Ikiachiwa waenda kwa miguu, 8,000 na zaidi. Bado huamini? Chukua daftari, simama mlangoni Jumamosi kuanzia saa tano hadi saa saba. Upande mmoja piga mstari kwa kila aliyeshuka garini, upande wa pili kwa kila aliyekuja kwa miguu. Kisha tubishane.

Kinachoua biashara kweli ni mkandarasi wa ukarabati huo kuchimba mtaa mzima kwa mpigo. Achimbe nusu, tena kipande kwa kipande, na kila mlango uwe na ubao wa kuvukia wenye upana wa mita 1.2. Mizigo nayo ipangiwe saa zake, tuseme kabla ya saa tatu asubuhi.

Wapo wanaosema: "Tandaza kabro, weka vyungu vya maua, basi." Kabro, yaani tofali za kutandaza njiani, ya unene wa milimita 60 ni ya miguu. Lori la taka likipita juu yake itadidimia, na mvua ya kwanza itaacha dimbwi. Panapopita lori weka ya milimita 80 juu ya kokoto iliyoshindiliwa, mwinamo asilimia 2 kuelekea mtaroni, na mtaro wenyewe uzibuliwe kwanza. Vyungu huishia kuwa majalala ya vichungi vya sigara; panda mti ardhini, shimo la mita 1.5 kila upande.

"Zimamoto haitapita." Acha mita 4 wazi, bila meza wala nguzo. Itapita.

"Vigingi vitazuia bodaboda." Nguzo hizo fupi hazizuii. Nafasi ya mita 1.2 huzuia gari na kupitisha kiti cha magurudumu, na pikipiki hupita papo hapo. Ukibana hadi sentimita 60 umemfungia nje mwenye kiti cha magurudumu, huku usukani wa bodaboda ukipita juu ya kigingi kifupi. Watengee waendesha bodaboda kituo chao pembeni, na uweke askari.