Majina ya asili ya mito na maziwa: maana yake

Jina la asili la mto, ziwa, maporomoko au kinamasi ni lile walilolitumia watu waliokaa kando ya maji hayo, kwa lugha yao wenyewe, kabla ya mgeni kufika na kuandika jina jingine kwenye ramani yake. Tunaposema kwamba ziwa fulani limepewa jina la asili, maana yake ni kwamba mamlaka inayohusika na ramani imelitambua jina hilo, imekubali namna ya kuliandika, na kuanzia hapo litatumika katika mabango ya barabarani, vitabu vya shule na nyaraka za serikali. Kitenzi "kupewa" kinaweza kumpotosha msomaji, kwa kuwa mara nyingi jina hilo halikuondoka hata siku moja vinywani mwa wavuvi, wachungaji na akina mama wanaoteka maji. Kinachobadilika ni hadhi yake katika maandishi.

Sisi wakazi wa Nairobi tunaishi ndani ya jina la namna hiyo. Mlinzi wa lango la jengo tunalokaa huku Ngara ni Mmaasai kutoka Kajiado, mtu wa makamo ambaye vijana wote wa hapa humwita mzee. Asubuhi moja ya mwezi wa Julai, baridi ikiwa imekaza, nilimuuliza, "Mzee, hivi Nairobi maana yake hasa ni nini?" Akainua chupa yake ya maji kutoka chini ya kiti na kuniambia, "Hii ni enkare." Kisha akanipa niishike. Chupa ilikuwa imelala nje usiku kucha na viganja vyangu viliuma. "Sasa hiyo," akasema, "ndiyo enkare nairobi."

Katika lugha ya Kimaa, enkare ni maji, na nairobi ni "yenye baridi". Silabi ile ya kwanza, na-, ndiyo inayobeba maana ya "ambayo", kama inavyosikika pia katika Narok, yaani iliyo nyeusi, na Naibor, yaani iliyo nyeupe. Enkare Nairobi, kwa hiyo, lilikuwa jina la maji tangu mwanzo. Reli iliyotoka Mombasa ilipofika hapa mwaka 1899, kambi ya wajenzi ilichukua jina la mto, mji ukalichukua kutoka kwa kambi, na njiani neno la maji likadondoka, tukabaki na sifa peke yake. Leo mtu akisema "Mto Nairobi" anasema, neno kwa neno, mto wenye baridi, na hivyo amekaribia sana kauli ya Wamaasai bila kukusudia. Hatua chache kutoka mtoni ipo River Road, barabara inayojulikana na kila msafiri, ambayo hutaja mto kwa Kiingereza bila kusema ni mto gani.

Jina la namna hii hubeba maarifa, na hapo ndipo ninapoona uzito wa jambo lote. Naivasha ni matamshi ya Kizungu ya neno la Kimaa, Nai'posha, linalomaanisha maji yanayochafuka. Mvuvi wa ziwa hilo anajua kwamba asubuhi maji hutulia, na alasiri upepo ukianza kuvuma mawimbi huinuka kwa ghafla, kiasi kwamba mwenye mtumbwi mdogo hukaa karibu na ukingo. Anayelijua jina katika lugha yake ameshapata onyo kabla hajapanda chombo. Ewaso Ng'iro ni mto wa maji ya rangi ya udongo, na jina hilo liko kwenye mito miwili, mmoja ukielekea kinamasi cha Lorian na mwingine Ziwa Natron, ndiyo maana wachora ramani walilazimika kuongeza Kaskazini na Kusini. Magadi nalo ni neno la Kiswahili tupu, lile lile la magadi tunayotia chunguni ili maharagwe magumu yaive upesi, na mtu akilisikia hahitaji kuambiwa kwamba maji ya ziwa hilo hayanyweki.

Linganisha na jina la Rudolf. Mwaka 1888 msafara wa Samuel Teleki na Ludwig von Höhnel ulifika kwenye ziwa kubwa la jangwani kaskazini mwa nchi, wakaliita kwa jina la mrithi wa ufalme wa Austria na Hungaria, Rudolf, ambaye alifariki Januari 1889 bila kuliona. Jina hilo lilieleza ni nani aliyepaswa kushukuriwa huko Vienna; kuhusu chumvi ya maji, samaki wake au upepo wake halikusema neno. Mwenye jina hilo hakuwapo ufukoni: waliokuwapo ni watu wenye neno lao, kwa kuwa Waturkana wanaliita Anam Ka'alakol, bahari ya samaki wengi. Mjaluo akilisikia neno anam hatashangaa, maana kwake yeye ziwa ni nam.

Mwaka 1975 serikali ya Kenya ililibadilisha jina na kuwa Ziwa Turkana. Lilikuwa jambo jema, lakini linastahili kutazamwa kwa makini, kwa sababu Turkana ni jina la watu, na si neno ambalo watu hao walikuwa wakiyaita maji. Isitoshe, ziwa hilo lina Waelmolo, Wadasanachi, Wagabra, Warendille na Wasamburu pia. Hapo tunaona tofauti ambayo huchanganywa mara kwa mara: kuondoa jina la kikoloni ni jambo moja, na kurudisha jina la asili ni jingine. La kwanza huweza kufanyika kwa amri ya siku moja. La pili linahitaji kuwasikiliza wazee wa pande zote za maji.

Ziwa Bogoria linanisumbua zaidi. Katika ramani za wakoloni liliitwa Hannington, kwa heshima ya askofu James Hannington aliyepita huko mwaka 1885. Jina la Bogoria lilichukua nafasi yake, lakini katika miaka hiyo hiyo ya 1970 jamii ya Endorois, ambao ziwa hilo ni mahali pao pa ibada na pa kulishia mifugo, waliondolewa ili eneo liwe hifadhi ya wanyama. Mwaka 2010 uamuzi wa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ulitangazwa: Kenya ilikuwa imevunja haki zao. Ramani ilikuwa imeshasahihishwa miaka mingi nyuma, ilhali wenye kulitamka jina hilo kando ya maji walikuwa wametengwa nayo. Kwa maoni yangu, jina la asili lisilo na wenyewe karibu nalo limerudishwa nusu.

Njia za kulirudisha jina hutofautiana. Australia ilichagua majina mawili kwa pamoja, na tangu mwaka 2012 ziwa lao kubwa la chumvi huandikwa Kati Thanda–Lake Eyre. Katika mji wa Minneapolis huko Marekani, ziwa lililokuwa na jina la John C. Calhoun, mwanasiasa aliyetetea utumwa, lilirudishiwa jina la Kidakota, Bde Maka Ska, mwaka 2018. Wapinzani walikwenda mahakamani, na mwaka 2020 Mahakama ya Juu ya jimbo la Minnesota iliamua kwamba idara iliyobadilisha jina ilikuwa na mamlaka ya kufanya hivyo. Karibu nasi zaidi yako maporomoko ya mto Zambezi, ambayo David Livingstone aliyapa jina la malkia Victoria mwaka 1855. Katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia yameandikwa kwa majina yote mawili, la asili likitangulia: Mosi-oa-Tunya, moshi unaonguruma. Msomaji wa Kiswahili anaweza kuutambua moshi wake mwenyewe ndani ya mosi.

Msingi wa haki hii katika sheria za kimataifa ni ibara ya 13 ya Azimio la Umoja wa Mataifa kuhusu Haki za Watu wa Asili, lililopitishwa Septemba 2007, ambayo inawapa watu hao haki ya kuziita jamii, mahali na watu kwa majina yao wenyewe na kuyahifadhi majina hayo. Kenya haikulipigia kura ya ndiyo wala ya hapana azimio hilo, ilijizuia. Hata hivyo, ibara ya 7 ya Katiba ya mwaka 2010 inaitaka serikali ilinde wingi wa lugha za wananchi na kuendeleza matumizi ya lugha za asili, na sioni namna lugha itakavyolindwa huku majina yake ya mito yakiachwa yafutike.

Ugumu mkubwa hujitokeza pale maji yanapokuwa na wenyewe wengi. Ziwa ambalo John Hanning Speke aliliita Victoria mwaka 1858 ni Nam Lolwe kwa Wajaluo na Nalubaale kwa Waganda, na pande nyingine husikika Nyanza, neno linalomaanisha maji mengi. Kenya ina takriban asilimia 6 tu ya eneo lake, Uganda na Tanzania zikiwa na sehemu iliyobaki, hivyo hakuna nchi inayoweza kuamua peke yake, na kila jina litakalochaguliwa litaacha jirani mmoja akijiona mgeni kwenye maji yake.

Hata hapa kwetu, mto unaopita kusini mwa Mbuga ya Wanyama ya Nairobi hutajwa kwa namna mbili: Wamaasai husema Empakasi, na wakazi wengi wa jiji husema Mbagathi. Ukiyafuata maji hayo hayo, mbele yanakuwa Athi. Yakishaungana na mto Tsavo yanakuwa Galana, neno ambalo kwa Kioromo huhusu maji makubwa kama bahari. Na yanapokaribia kumwagika baharini kaskazini mwa Malindi, yanaitwa Sabaki. Ofisa wa ramani anayetaka jina moja kwa mto mmoja ataona hapo fujo. Mimi naona kwamba kila jamii iliyapokea maji yakiwa na hali tofauti, membamba hapa na mapana kule, ikayaita kama ilivyoyaona, na ramani nzuri ingeyaandika majina hayo yote, kila moja kwenye ukingo wake.