Nyumba nyeupe za visiwani Ugiriki: mnayoambiwa na yaliyopo

Binamu yangu wa Tanga kanitumia tena ile video, nyumba nyeupe, kuba la bluu, bahari chini, halafu maandishi makubwa eti Ugiriki wanagawa nyumba bure na hela ya kuhamia juu yake. Mwaka huu mara ya tatu hii. Mimi kwa kuwa naishi Ujerumani na visiwa vile nimekwenda kwenda basi nishageuzwa dalali wa ukoo mzima, kwa hiyo ngoja niandike mara moja nipumzike.

Tuanze na hiyo ya bure. Nyumba za euro 1 mnazosikia ni za Italia jamani, sio Ugiriki. Kilichowachanganya watu ni kisiwa kimoja kidogo kinaitwa Antikythera, wakazi wa kudumu ni wachache mno, ndo Kanisa la kisiwa jirani cha Kythera likaja na mpango wa kusaidia familia zenye watoto euro 500 kwa mwezi kwa miaka 3, lengo shule isife na kijiji kisibaki cha wazee watupu. Walikuwa wanataka wavuvi, waoka mikate, mafundi. Mtu wa kupiga picha machweo hakuwepo kwenye orodha.

"Ukinunua tu nyumba unapewa karatasi za kuishi." Hapa ndo watu wanaliwa, kwa sababu ndani yake kuna ukweli kidogo. Ile Golden Visa ilianza 2013, ukiwekeza euro 250,000 unapata kibali cha miaka 5 kinachohuishwa. Wateja wakamiminika, bei zikapaa, serikali nayo ikapandisha dau. Tangu Septemba 2024 ni euro 800,000 kwa Athens na mkoa wake, Thessaloniki, Mykonos, Santorini na kisiwa chochote chenye watu zaidi ya 3,100, kwingine ni 400,000, tena iwe nyumba moja isiyopungua mita za mraba 120. Ile 250,000 imebaki kwa wanaogeuza jengo la biashara kuwa makazi au kukarabati jengo la urithi. Na ukishapata kibali kwa nyumba, njia yoyote kati ya hizo, huruhusiwi kuipangisha nyumba hiyo kwa siku siku kama Airbnb, ukikamatwa faini ni euro 50,000 na kibali unanyang'anywa. Sasa yule anayekwambia "nunua, watalii watakulipia" muulize hilo kwanza. Chini ya viwango hivyo ukinunua kijumba chako cha euro elfu sitini ni chako kweli, ila pasipoti yetu hii utaendelea kupanga foleni ya viza ya Schengen na mwisho wako siku 90 ndani ya kila siku 180. Nyumba yako, na unaitembelea kama mgeni.

Halafu kuna la mipakani ambalo madalali wengi hawaligusi kabisa. Rhodes, Symi, Kos, Samos, Chios, Lesvos, visiwa vyote hivi vinatazamana na Uturuki, basi raia asiye wa Umoja wa Ulaya lazima aombe ruhusa maalumu ndo anunue, wanakuchunguza kwanza, na ni miezi.

Mimi mwenyewe nilishikwa na huo ugonjwa wa kutaka nyumba nikiwa Symi, naungama. Na Symi wala sio nyeupe! Hiyo nayo dhana, watu wanadhani kila kijiji cha kisiwani ni chokaa na bluu, kumbe hiyo ni sura ya Cyclades zaidi, lile kundi la visiwa lenye kina Santorini na Mykonos. Symi nyumba ni za njano, pinki, rangi ya mchanga, zimejengwa na hela za sponji za baharini zamani hizo, zimepanda mlima kama ngazi. Kijiji cha Pyrgi kule Chios kuta zina michoro myeusi na myeupe kama kanga. Kisiwa cha Hydra ni mawe ya kijivu na magari hakuna, saruji inapanda kilimani mgongoni kwa punda, na gharama ya punda unalipa wewe.

Basi Symi nikaoneshwa nyumba, paa limeanguka, mtini umeota sebuleni, bei nzuri, dalali anatabasamu tu. Nikamchukua wakili (wangu, sio wa dalali, hili liandikeni ukutani) akakuta wenye nyumba ni warithi 11, hawajagawana, wengine Australia, mmoja Florida, mmoja kafariki na mirathi yake haijafunguliwa. Visiwa vile vilimwaga watu dunia nzima, hata Wagiriki wa mashamba ya mkonge huko huko Tanga mnawakumbuka, kwa hiyo ukiona nyumba imekaa miaka 50 haina mtu usidhani haina mwenyewe, ina wenyewe wengi mno. Kisiwa cha Karpathos kwa desturi ya zamani nyumba ya mama ilikuwa inakwenda kwa binti wa kwanza, watu wa Lamu wanaozesha binti na nyumba yake hawatashangaa.

Juu ya bei kuna kodi ya kuhamisha umiliki asilimia 3.09, kuna notari (mwanasheria rasmi wa kuthibitisha mkataba), kuna wakili, kuna injinia wa kuthibitisha jengo halina nyongeza za kinyemela. Chumba kilichoongezwa bila kibali baada ya Julai 2011 kwa kawaida hakihalalishwi, na bila cheti cha injinia mauzo hayapiti. Kodi ya kila mwaka ipo pia, wanaita ENFIA. Na vijiji vinavyolindwa hata rangi ya dirisha unaomba.

Wanaosema ufukwe mbele ya hoteli ni wa hoteli, hapana, ufukwe ni wa umma, tandika taulo yako. Kisiwani Paros 2023 wananchi waliandamana na mataulo yao kwa ajili hiyo hiyo.

Santorini sijaisahau. Nzuri, sikatai, ila zile nyumba za mapangoni zimechimbwa ukingoni mwa volkano, 1956 tetemeko liliua watu na kubomoa sana, na mwanzoni mwa 2025 ardhi ilitikisika wiki kwa wiki hadi maelfu wakaondoka.

Kwa anayetaka kununua, nenda Februari, usiende Juni. Mimi nilirudi Symi Februari, migahawa ya bandarini imefunga karibu yote, nyumba za mawe baridi yake inaingia kwenye mifupa, upepo ukafika ule wa kuzuia meli na meli yangu ya kurudi Rhodes haikuja siku mbili, nikawa nakula mkate na jibini na bibi mwenye chumba, anacheka, ananiambia bado unaitaka ile nyumba?