Hawakukanyagana: dhana tunazobeba kuhusu viwanja vya michezo

Kila maafa yanapotokea uwanjani, habari hutoka na neno lilelile: kukanyagana. "Mashabiki wafariki kwa kukanyagana." Mimi ni shabiki wa miaka mingi, nimekaa majukwaa ya juani na ya kivulini, na neno hili linaniuma. Lile "-ana" la mwisho linasema watu walitendana wenyewe kwa wenyewe: wewe ulinikanyaga, nami nikakukanyaga, basi lawama tugawane. Ukishalisoma huulizi tena ni nani aliyefunga geti.

Nitaanza na hili kwa sababu katika dhana zote potofu tulizonazo kuhusu viwanja, hii ndiyo imegharimu watu wengi zaidi.

"Walikufa kwa kukanyagana"

Wengi wanaokufa kwenye msongamano wa uwanjani hawakanyagwi na mtu. Hufa wamesimama wima. Kifua kinabanwa mbele na nyuma mpaka mbavu zinashindwa kutanuka na hewa haipati pa kuingia. Katika mita moja ya mraba, watu wanne husimama bila shida. Mwongozo wa usalama wa viwanja unaotumika Uingereza umeweka kikomo cha watu 47 kwa kila mita 10 za mraba kwenye jukwaa la kusimama. Wakishafika sita au saba ndani ya mita moja, umati hauendi tena kwa miguu, unakwenda kama maji. Msukumo unaanzia kule nyuma, wimbi linafika huku mbele, na hakuna wa kulizuia hata akiwa na nguvu kiasi gani.

Nimewahi kuonja kidogo. Ilikuwa zimebaki kama dakika ishirini mpira uanze, mageti mengine yamefungwa, sote tumeelekezwa kwenye geti moja. Mkono wangu wa kulia ulikuwa umeshika tiketi kifuani, na ulibaki hapohapo, sikuweza kuushusha. Kisha nikahisi soli za viatu zimeachana na ardhi. Sikuwa nimeruka. Nilibebwa kama hatua tatu hivi, shavu langu limelala kwenye mgongo wa mtu nisiyemjua, shati lake limelowa jasho chapachapa. Kilichonitisha zaidi ni ukimya. Nyimbo zilikuwa zinaimbwa nyuma, kwa wale wasiojua kinachoendelea. Sisi wa mbele hatukuwa na pumzi ya kupigia kelele. Aliyetutazama kutoka mbali angesema tunasukumana.

Sasa chukua uwanja wa Hillsborough, mjini Sheffield, Uingereza, tarehe 15 Aprili 1989, nusu fainali ya Kombe la FA kati ya Liverpool na Nottingham Forest. Waliopoteza maisha ni 97, wa mwisho akifariki mwaka 2021 kutokana na majeraha ya siku ile. Upande wa Leppings Lane, mashabiki wapatao 10,000 wenye tiketi za kusimama walitakiwa kupita kwenye vizingiti 7 tu vya kuzungusha, vile vinavyopitisha mtu mmoja mmoja. Nje palipobanana, polisi waliamuru geti kubwa lifunguliwe, saa 8:52 mchana. Lakini hakuna aliyeziba njia ya chini ya jukwaa, ile inayoteremka moja kwa moja hadi kwenye vizimba vya katikati, yaani sehemu za kusimama zilizozungushiwa uzio, ambavyo tayari vilikuwa vimejaa pomoni. Vizimba vya pembeni vilikuwa na nafasi. Mbele kulikuwa na uzio wa chuma. Mpira ulianza saa 9 kamili, ukasimamishwa dakika ya sita.

Siku nne baadaye gazeti moja liliwatangazia Waingereza, ukurasa wa mbele kabisa, kwamba mashabiki wa Liverpool waliwaibia marehemu. Familia zilipambana miaka 27. Aprili 2016 jopo la uchunguzi wa vifo likatamka kwamba watu wale waliuawa kinyume cha sheria, na kwamba mwenendo wa mashabiki haukuchangia. Miaka 27! Mzazi aliyezika mwanawe akiwa na umri wa miaka 50 alifikisha 77 ndipo asikie jopo likitamka kwamba mtoto wake hakuwa mhuni.

Ipo hadithi nyingine ambayo huenda umesimuliwa: uwanja wa Ibrox, Glasgow, tarehe 2 Januari 1971. Celtic wanafunga dakika ya 89, mashabiki wa Rangers wanaanza kutoka vichwa chini. Dakika za lala salama Colin Stein anasawazisha. Waliokuwa wanashuka ngazi wanasikia shangwe, wanageuka kurudi, wanagongana na wenzao, watu 66 wanakufa. Nimeisikia mara nyingi, na kwa miaka niliiamini. Uchunguzi uliofanyika uliikataa: wote walikuwa wanaelekea upande mmoja, wakishuka, ngazi namba 13 ilipowashinda. Hakuna aliyegeuka kwa sababu ya bao. Na ngazi hiyohiyo ilikuwa imeshaua watu 2 mwaka 1961, ikajeruhi wengine mwaka 1967 na 1969. Onyo lilitolewa mara tatu. Hadithi ya bao imedumu kwa sababu ni rahisi kuisimulia, na kwa sababu haimdai mwenye ngazi kitu chochote.

"Polisi walilazimika kutumia mabomu ya machozi"

Hapa sitazunguka. Lima, 24 Mei 1964, Peru na Argentina wakigombea nafasi ya Olimpiki: bao linakataliwa, watu wanaingia uwanjani, polisi wanafyatua mabomu ya machozi kuelekea majukwaani, watu wanakimbilia ngazi, na chini ya ngazi milango ya chuma imefungwa. Idadi rasmi ya waliokufa ni 328. Wengi walikosa hewa ngazini. Waliobaki wamekaa majukwaani walisalimika. Accra, 9 Mei 2001, Hearts of Oak na Asante Kotoko: mabomu ya machozi, milango imefungwa, watu 126. Malang nchini Indonesia, 1 Oktoba 2022, uwanja wa Kanjuruhan: mabomu ya machozi, watu 135.

Karibu miaka 60 kati ya tukio la kwanza na la mwisho, na mpangilio haukubadilika. Kanuni za usalama za FIFA zinakataza gesi ya kutawanyia umati isibebwe wala kutumiwa uwanjani, na sababu inaonekana kwa yeyote aliyewahi kukaa jukwaani. Barabarani ukipigwa gesi unakimbilia upande wowote. Uwanjani watu elfu kadhaa mnakimbilia mlango mmoja.

"Kusimama ndiko kunakoua, viti ndivyo usalama"

Nusu kweli. Baada ya Hillsborough, ripoti ya Jaji Taylor ya Januari 1990 ilipendekeza viwanja vikubwa viwe vya viti pekee, na watu wengi wakabeba ujumbe kwamba kusimama ni hatari. Lakini ripoti hiyohiyo ilisema kusimama kwenyewe hakuna ubaya wa asili. Kinachoua ni wingi kupita kiasi, uzio usiofunguka na njia zisizotosha. Dortmund wana jukwaa la kusini linalopokea karibu watu 25,000 waliosimama, na linajaa wiki baada ya wiki. Uingereza nayo iliruhusu tena majaribio ya kusimama Januari 2022, kwa viti vyenye reli ya chuma kila safu, ili msukumo wa nyuma usifike mbele. Ukitaka kujua uwanja ni salama, usihesabu viti. Tazama mageti na upana wa ngazi, kisha uliza watu hutumia muda gani kutoka wote.

"Zamani viwanja vilijaa kwa sababu watu walipenda mpira kuliko sasa"

Wazee wanapenda kutukumbusha Maracanã ya 16 Julai 1950, Uruguay walipowafunga Brazil 2–1. Waliolipa kiingilio ni 173,850, na inakadiriwa waliokuwemo walikaribia 200,000. Leo uwanja uleule unachukua kama 78,000. Mapenzi hayajapungua. Kilichoondoka ni majukwaa ya zege ya kusimama na kubanana. Mwaka 1992, kwenye fainali ya ligi kati ya Flamengo na Botafogo, kizuizi cha jukwaa la juu kilikatika na watu 3 wakafa. Uwanja wa 78,000 ambao kila mtu anarudi nyumbani kwake naupenda kuliko rekodi yoyote.

Na unapoona takwimu za mahudhurio kwenye ubao leo, kumbuka ligi nyingi hutangaza tiketi zilizouzwa. Ndiyo maana mtangazaji anaweza kusema uwanja umetapika huku kamera ikipita juu ya viti vitupu.

"Mashabiki ni mchezaji wa 12, wanampa mwenyeji nguvu"

Hii nilitamani iwe kweli kabisa, maana inanigusa mwenyewe. Sehemu yake ni kweli. Janga la korona lilitupa jaribio ambalo hakuna mtafiti angeweza kulipanga: viwanja vilevile, timu zilezile, majukwaa matupu. Ligi Kuu ya Uingereza msimu wa 2020/21 iliisha wageni wakiwa wameshinda mechi 153 na wenyeji 144, jambo ambalo halijawahi kutokea katika historia ya ligi ya juu nchini humo. Kwa hiyo sauti zetu zina uzito.

Ila uzito huo haumwangukii mchezaji peke yake, na hapa ndipo wengi tunakosea. Watafiti waliochambua mechi za bila mashabiki, katika ligi kadhaa za Ulaya, waligundua kwamba pengo la kadi kati ya wageni na wenyeji lilipungua. Maana yake tunapopiga kelele, anayetusikia vizuri kuliko wote ni mwenye kipenga. Sisemi refa anapendelea kwa makusudi. Ni binadamu, ana nusu sekunde ya kuamua, na watu elfu 50 wameshamwambia jibu.

Watu huongeza pia habari za La Paz, Bolivia, uwanja wa Hernando Siles ulio zaidi ya mita 3,600 juu ya usawa wa bahari, wakisema kule hewani hakuna oksijeni. Ipo, asilimia ileile 21 kama ufukweni. Kilichopungua ni mgandamizo wa hewa, hivyo kila pumzi inaleta oksijeni kidogo kwenye damu. Ni kweli Bolivia waliwafunga Argentina ya kocha Maradona 6–1 pale, Aprili 2009. Argentina wakarudi Septemba 2023 wakashinda 3–0. Mlima unachosha lakini haufungi mabao.

"Nyasi bandia ni za kisasa, nyasi asilia ni za kizamani"

Kombe la Dunia la wanawake la 2015 nchini Kanada lilichezwa lote kwenye nyasi bandia, na wachezaji wakubwa walifungua shauri kuzipinga nyasi hizo kabla halijaanza. Walijua wanachosema: kapeti hupata joto kuliko nyasi, na ukiteleza linakuchubua goti mpaka nyama. Kwa Kombe la Dunia la wanaume la 2026, viwanja 8 kati ya 16 vilikuwa na nyasi bandia, na sharti lilikuwa moja: ng'oa au funika, nyasi hai ziwekwe. Hata vile vyenye paa, ambako nyasi zinahitaji taa za kuzikuza. Kapeti lina kazi yake pale ambapo uwanja mmoja unatumiwa na timu nyingi kutwa nzima, wala silidharau. Nalikataa linapouzwa kama hatua ya maendeleo.

"Uwanja mpya utajilipa wenyewe"

Kila mradi mkubwa unapotangazwa, ahadi huwa hizi: hoteli zitajaa, ajira zitamwagika, pesa itarudi. Wachumi wameifuatilia ahadi hii kwa miongo mingi, hasa Marekani, na karibu wote wanafikia jibu moja: pesa za umma zinazoingia uwanjani hazirudi kwa kiasi kilichoahidiwa. Sababu si ngumu. Familia ikitumia pesa yake ya burudani uwanjani, haiitumii sinema wala mgahawani. Pesa imehama mfuko. Nao uwanja wa mpira hutumika siku chache tu kwa mwaka.

Manaus walijengewa uwanja wa viti zaidi ya 40,000 kwa Kombe la Dunia la 2014. Ulipokea mechi nne, katika mji usio na timu ya ligi kuu ya Brazil.

Mimi nataka viwanja vijengwe. Nimepata furaha zangu kubwa nikiwa nimekaa kwenye zege. Lakini vijengwe kama tunavyojenga bustani na maktaba, kwa kukubali mapema kwamba tunalipia raha ya watu, na bei iwekwe mezani kabla msingi haujachimbwa. Montreal hawakufanya hivyo. Uwanja wao wa Olimpiki ulikadiriwa dola milioni 134 za Kanada mwaka 1970, gharama ikavuka bilioni moja. Michezo ya 1976 ilifanyika mnara ukiwa haujaisha, na mnara na paa vilikamilika mwaka 1987. Sehemu kubwa ya deni ililipwa kwa kodi maalumu ya tumbaku, na lilimalizika mwaka 2006. Kwa miaka 30 mvuta sigara wa Quebec ambaye hajawahi kuingia uwanjani hata mara moja alikuwa akiulipia kila anapowasha.