Mwenye kilemba chekundu hakuwa KAR

Juzi nimetumiwa tena picha ileile. Mzee kasimama wima, vazi jeupe hadi kwenye miguu, kilemba, mkanda wa risasi begani, bunduki mkononi. "Huyu ni babu yetu wa Wajir, alikuwa KAR. Tutafutie namba yake ya jeshi."

Jamani, hapana. Huyo ni dubas, polisi wa kikabila wa enzi za ukoloni.

Tazameni kilemba. Pichani ni cheusi tititi kwa sababu filamu za zamani ziligeuza nyekundu kuwa nyeusi. Jina lenyewe ni la Kisomali, duub cas, yaani kilemba chekundu. KAR, yaani King's African Rifles, iliyoundwa 1902, ilikuwa jeshi la wakoloni Waingereza. Dubas walikuwa polisi wa kikabila wa NFD (Northern Frontier District, kaskazini mwa Kenya), wakubwa wao ni ma-DC, yaani wakuu wa wilaya. Ukimtafuta dubas kwenye orodha za jeshi utazeeka hujampata. Nendeni Nyaraka za Taifa, Nairobi, mkasome ripoti za mwaka za wilaya na zile za makabidhiano ya ma-DC.

Kinachoniudhi zaidi ni swali linalofuata: "Kumbe alikuwa polisi tu?" Tu? Dubas ndiye aliyelinda visima, akamsindikiza DC safarini na ngamia, akawarudisha wafugaji waliovuka mpaka wa malisho. Na ndiye aliyetumwa kuswaga mifugo iliyokamatwa kuwa faini. Sheria ya 1934 ya wilaya maalumu iliruhusu ukoo mzima uadhibiwe kwa kosa la wachache, kwa hiyo huenda babu aliwaswaga ngamia wa wakwe zake mwenyewe. Familia nyingi hunyamaza hapo. Mimi nadhani hapo ndipo habari ya babu inapoanza.

Nami nakiri: jina likilingana, bado siamini. Msomali huitwa kwa jina lake, la baba na la babu, lakini watu wanamjua kwa lakabu. Karani akiandika "Dheere", yaani mrefu, warefu ni wangapi kituoni? Nimewahi kuipa familia babu asiye wao kwa kuamini majina matatu yaliyofanana. Siku hizi bila ukoo na kituo sithibitishi kitu.

Basi kabla ya kuniandikia, kaeni na shangazi mkubwa. Mwulizeni babu alilinda kisima gani, aliondoka na DC yupi, na kilemba chake kilikuwa cha rangi gani.