Kipande cha mwanzi: kinyesi cha panda kinavyotumika kuwahesabu

Panda mkubwa wa porini ni vigumu kumwona. Anaishi peke yake kwenye misitu ya milimani katika majimbo ya Sichuan, Shaanxi na Gansu nchini China, ndani ya mianzi iliyosongamana kiasi kwamba unaweza kumpita karibu usijue. Kinachoonekana ni kinyesi chake, nacho ni kingi. Panda anakula mianzi ilhali utumbo wake ni wa jamii ya wala nyama, hivyo humeng'enya chini ya moja ya tano ya anachomeza. Ili ashibe inabidi ale karibu kutwa nzima, na kila apitapo anaacha mabonge yenye umbo la kiazi kitamu, yamejaa vipande vya mwanzi vilivyopita tumboni bila kubadilika.

Vipande hivyo ndivyo msingi wa kipimo kinachoitwa urefu wa kipande. Panda akila shina la mwanzi hulikata kwa meno sehemu kwa sehemu, na kila mnyama ana urefu wake aliouzoea. Mkubwa hukata virefu, mdogo hukata vifupi. Ukipima vipande kama 100 vya kinyesi kimoja, wastani wake unakuwa mfano wa saini ya yule aliyekula. Wastani wa vinyesi viwili ukipishana kwa zaidi ya milimita 2, wanahesabiwa panda wawili. Ukikaribiana, linafuata swali la umbali: je, panda mmoja angeweza kufika kote kuwili kwa muda uliopita kati ya vinyesi hivyo? Kwa kutegemea zaidi njia hii, sensa ya nne ya panda nchini China, ya 2011 hadi 2014, ilipata panda 1,864 wa porini, bila watoto walio chini ya mwaka mmoja na nusu. Ile ya tatu ilikuwa imepata 1,596.

Kazi ya kupima mara nyingi huangukia wanafunzi walio fildi, na hesabu nzima inasimama juu ya vidole vyao. Bonge hufumuliwa, vipande vikaoshwa na kutandazwa, kisha kila kimoja kikapimwa kwa kalipa, kifaa chenye taya mbili cha kupimia urefu mdogo. Vinavyofaa ni vya shina tu, tena vyenye alama ya jino ncha zote mbili. Kilichovunjika ncha moja kinawekwa kando, kwa sababu urefu wake hautuambii panda alikata wapi. Kosa linalojirudia ni kuchagua. Jicho la mtu hupenda kipande kirefu kilichonyooka, mkono unakifuata, na wastani unapanda milimita mbili tatu. Hapo panda mmoja ameshakuwa wawili kwenye daftari. Dawa yake ni kuchukua vipande kwa mpangilio vilivyolala, kuanzia upande mmoja wa rundo, bila kuruka kinachofaa. Kosa la pili ni kuchanganya vinyesi vilivyokutwa mahali pamoja: vya mama na mtoto wake vikitiwa mfuko mmoja, wastani unaotoka si wa yeyote kati yao.

Majira nayo yana neno. Huko Wolong, Sichuan, panda hushuka mlimani majira ya kuchipua kufuata machipukizi ya mianzi. Chipukizi ni laini, kinyesi chake hakina vipande vya shina vya kupima. Wakati wanakula majani, kinyesi ni cha kijani na mashina ndani yake ni machache. Anayelazimisha kupima siku hizo anapata namba, lakini namba hiyo haina maana.

Hata ukipima bila kosa, panda wawili wa umri mmoja wanaweza kukata urefu uleule, na kipimo kikawaona ni mmoja. Udhaifu huu ni mzito. Katika hifadhi ya Wanglang, Sichuan, sensa ya tatu ilikuwa imehesabu panda 27. Utafiti wa vinasaba uliochapishwa 2006 ukatambua 66. Uganda nako sokwe wa milimani wa Bwindi huhesabiwa kwa vinasaba vya kinyesi kinachookotwa kwenye viota vyao vya usiku.

Vinasaba vya panda haviko katikati ya bonge, viko juu, kwenye ute unaotoka na chembe za ukuta wa utumbo. Ndiyo maana kinyesi kibichi hung'aa, na kilichopoteza mng'ao huo kwa jua na mvua hakifai sana. Unavaa glovu mpya kwa kila kinyesi, unakwangua tabaka la nje, unatia kwenye kichupa chenye ethanoli. Ukichimba hadi ndani unabeba mianzi mitupu, yenye kemikali zinazozuia vinasaba kunakilishwa maabara. Na sampuli dhaifu ina hatari ya kinyume na ule udhaifu wa kuona panda wawili kuwa mmoja: nusu ya taarifa ikikosa kusomeka, mnyama mmoja hutokea kama wawili, kwa hiyo maabara hurudia kuisoma mara kadhaa kabla ya kuikubali.

Lebo ya kichupa iandikwe kwa penseli. Wino wa kalamu ukiguswa na ethanoli unayeyuka, na kichupa kisicho na namba, tarehe wala mahali kilipotoka hutupwa, hata kama ute wake ulikuwa bado unang'aa.