Je, wajua? Behewa la kupanda kilima huvutwa na mwenzake

Mkazi wa Mabatini au Igogo, jijini Mwanza, hahitaji kuelezwa kilima ni nini. Mfuko wa saruji ukishushwa barabarani, safari yake ndiyo kwanza inaanza: zinafuata ngazi za mawe, vichochoro kati ya miamba, na mbebaji anayepumzika kila kona. Basi mtu wa Mwanza akiona picha za Lisbon, Valparaíso au Hong Kong, ambako vibehewa vinapanda miteremko ya namna hiyo vikiwa vimejaa watu, swali linakuja lenyewe. Vinapandaje mahali ambapo hata bodaboda angemwambia abiria ashuke atembee?

Kwa kawaida vibehewa vya namna hiyo havina injini. Kila kimoja kimefungwa kwenye ncha moja ya kamba ya chuma, na kamba hiyo imezungushwa kwenye kapi kubwa lililoko kituo cha juu. Kimoja kikishuka, kingine kinapanda. Ni ndoo mbili za kisima kimoja, ila zimelazwa kwenye mteremko na kuwekewa reli. Mtambo huu huitwa funikula, jina lililotoka kwenye neno la Kilatini lenye maana ya kamba nyembamba. Hapa tutauita reli ya kamba.

Tatizo ambalo kamba inalitatua ni utelezi. Gurudumu la chuma juu ya reli ya chuma hubingirika kwa wepesi sana, ndiyo maana treni moja huvuta mzigo ambao ungehitaji malori mengi. Wepesi huohuo ndio unaoiangusha kilimani. Reli ikiwa kavu na safi, gurudumu hushika kwa takriban asilimia 30 ya uzito ulio juu yake; mvua ikinyesha au majani yakisagika juu ya reli, mshiko hushuka hadi asilimia 10 au chini ya hapo. Kwa hiyo kwenye mteremko unaopanda mita 40 kwa kila mita 100, behewa lililofungwa breki za magurudumu lingeteleza tu na breki zake, hata siku ya jua kali. Reli za kawaida kwa kawaida hazizidi mita 3 au 4 kwa kila 100. Wengine huweka reli ya meno katikati ili gia iing'ate. Wenye akili ya uchumi hufunga kamba.

Uchumi wenyewe unaonekana ukishika kalamu. Chukua kilima cha kubuni chenye mteremko huo wa 40 kwa 100, reli ya mita 300, yaani kupanda kama mita 110 kwenda juu. Kila behewa lina tani 6. Jioni watu wanarudi nyumbani: 20 wanapanda, 5 wanashuka, kila mmoja kilo 70. Tani 6 za huku na tani 6 za kule zinafutana, hazimgharimu mtu kitu. Kinachobaki ni tofauti ya abiria, kilo 1,050, na kwenye mteremko huo ni kama asilimia 37 tu ya uzito inayovuta kufuata reli. Hiyo ni kilo 390 hivi. Kuzivuta kwa mwendo wa mita 2 kwa sekunde, ukiacha msuguano, kunahitaji kama nguvu-farasi 10, ambazo ni za pikipiki moja ya cc 125. Behewa hilohilo likipanda peke yake bila mwenzake lingetaka zaidi ya 70.

Asubuhi hesabu inageuka. Watu wengi wanashuka kwenda mjini na sokoni, behewa linalopanda linakuwa jepesi, na mota haivuti tena, inazuia. Mitambo mipya hutumia nafasi hiyo kuzalisha umeme na kuurudisha kwenye gridi.

Kuna mzigo mmoja ambao wanaochora mtambo huu mara ya kwanza huusahau: kamba yenyewe. Kamba ya unene wa milimita 28 ina kama kilo 3 kwa kila mita, hivyo mita 300 ni kilo 900. Behewa linapoanza kupanda kutoka chini, karibu kamba yote iko upande wake, ikivuta kilo 330 za ziada. Wakifika katikati, kamba imegawanyika sawa, uzito wake haupo tena kwenye hesabu. Kuanzia hapo kamba inahamia upande wa mwenzake na kusaidia kuvuta. Kwa mfano wetu, mtambo unaanza na mzigo wa kilo 720, katikati 390, na unamaliza na kilo 60. Ukisimama karibu na chumba cha mashine utasikia: mlio mzito mwanzoni, kisha unalainika kadiri safari inavyokwenda.

Sehemu tamu zaidi ya mtambo iko katikati ya njia. Zamani walitandika njia mbili kamili, reli nne, na hilo ni ghali. Mwaka 1879, kwenye reli ya Giessbach huko Uswisi, ilianza kutumika njia moja inayogawanyika pale katikati tu ili mabehewa yapishane, kazi ya mhandisi Carl Roman Abt. Hakuna mtu wa kugeuza njia, hakuna kipande cha reli kinachosogea. Siri iko kwenye magurudumu. Gurudumu la treni ya kawaida lina ukingo upande mmoja. Kwenye mfumo uliozoeleka wa reli ya kamba, magurudumu ya upande wa nje yana kingo mbili, yameikumbatia reli kama mtu aliyekaa juu ya punda miguu huku na huku. Ya upande wa ndani hayana ukingo kabisa, ni mapana na laini kama mti wa kusukumia chapati. Behewa la kwanza lina kingo zake kushoto, la pili kulia. Njia ikigawanyika, kila moja linafuata reli yake ya nje bila kuuliza, na gurudumu pana la ndani linavuka juu ya mapengo yaliyoachwa kwenye reli ili kamba ya mwenzake ipite.

Kwa kuwa kamba ni moja na urefu wake haubadiliki njiani, mabehewa hukutana palepale kila safari. Na ukitaka kituo robo ya njia kutoka chini, jiandae: mwenzake atasimama robo ya njia kutoka juu, kuwe na kituo au kuwe na kichaka. Ndiyo maana vituo vya kati hupangwa kwa ulinganifu, na pasipowezekana abiria wa behewa la pili hukaa wakishangaa kwa nini wamesimamishwa porini.

Kabla ya mota za umeme, mara nyingi maji ndiyo yaliyofanya kazi hiyo. Reli ya Lynton na Lynmouth huko Uingereza, iliyofunguliwa 1890, bado inaendeshwa hivyo. Kila behewa lina tangi la galoni 700, zaidi kidogo ya lita 3,100. Lililoko juu linajazwa maji ya mto, lililoko chini linamwaga kiasi kinachotosha, breki zinaachiwa, na mzito anashuka akimpandisha mwepesi mita 152. Ile ya Bom Jesus, mjini Braga nchini Ureno, ni ya 1882 na nayo inaendeshwa kwa maji mpaka leo. Mtu wa Mwanza atasema mara moja: maji sisi tunayo. Tunayo, lakini yako chini. Kule Lynton maji ya mto yanapatikana juu ya kilima; hapa ungelazimika kuyapampu hadi juu kwa umeme ili yashuke na behewa, na njiani unapoteza sehemu ya umeme huo. Bora umeme uende moja kwa moja kwenye mota.

Hata reli ya kuja Ziwa Victoria ilishawahi kutegemea kamba. Reli ya Uganda ilipokuwa ikijengwa kuelekea Kisumu, ambako ilifika Desemba 1901, mabehewa yaliteremshwa kwenye ukingo wa Bonde la Ufa kwa reli ya muda ya kamba za chuma wakati njia ya kudumu ikichongwa mlimani. Na aliyewahi kuona chelezo cha reli, kile kinachoingia majini ili meli ipandishwe nchi kavu kwa winchi, ameshaona nusu ya funikula. Kitoroli kipo, winchi ipo, kamba ipo. Anakosekana mwenzake wa kusawazisha, ndiyo maana winchi ya chelezo lazima iwe na nguvu za kutisha na mwendo wa kinyonga.

Sasa kinachoharibika. Kamba haikatiki ghafla kama uzi. Imesokotwa kwa nyaya nyingi, na nyaya hizo hukatika mojamoja kwa kupindwa kila siku kwenye kapi lilelile, au kwa kutu inayoanzia ndani ambako grisi imekauka. Mafundi huipitisha kwenye kifaa cha sumaku kinachotambua nyaya zilizokatika ndani bila kuifungua. Makapi madogo yaliyolala kati ya reli nayo yana lake: moja likikwama lisizunguke, kamba hulichonga mfereji kama msumeno na yenyewe inalika.

Mahali pa hatari kuliko pote ni pale kamba inapofungwa kwenye behewa, kwa sababu panabeba mzigo wote na mara nyingi hapaonekani. Tarehe 3 Septemba 2025, reli ya Glória mjini Lisbon, iliyokuwa ikifanya kazi tangu 1885, iliachia hapohapo. Watu 16 walifariki. Ukaguzi wa macho wa asubuhi ile haukuona kitu, kwani sehemu iliyoachia haikuweza kuonekana bila kufungua mtambo. Wachunguzi waligundua pia kwamba aina ya kamba iliyotumika haikuwa imeidhinishwa kubeba abiria, na kwamba breki za behewa hazikuwa na uwezo wa kulisimamisha likishakosa uzito wa mwenzake. Hilo la pili ndilo la kulitafakari: breki zilitosha kwa mtambo uliosawazika, na kamba ilipoachia usawa nao ukaondoka.

Ndiyo sababu reli za kamba zenye miteremko mikali haziaminii breki za magurudumu. Chini ya behewa kuna koleo la chuma linaloikaba reli yenyewe kutoka pande mbili. Linabanwa na springi, na linashikiliwa wazi kwa mafuta yenye shinikizo. Kamba ikilegea au mwendo ukizidi, shinikizo linaachiwa na springi inabana, bila kusubiri mkono wa dereva.

Kwa Afrika, reli ya kamba inayofikika na mtalii wa kawaida iko Cape Point, Afrika Kusini, yenye mabehewa mawili yanayopishana katikati. Ukienda, kaa mwisho wa behewa unaotazama juu wakati wa kupanda, uone makapi madogo yakizunguka na mwenzako akitokea. Tazama pia behewa linaposimama kituoni. Kamba mpya hurefuka kadiri inavyotumika, na kwa kuwa inasimamisha mabehewa mawili kwa wakati mmoja, moja likifika sawasawa juu, la chini linapitiliza kidogo. Ukiona kizingiti cha mlango kiko kiganja kimoja nje ya ngazi ya kituo, fundi ana kazi usiku huo: kuifungua kamba, kuikata, na kuifunga upya.