Kugonga muhuri kila miezi sita hakuokoi grinkadi

Ikikaribia Desemba, wateja wangu wa Mombasa na Dodoma wenye grinkadi, yaani kadi ya ukaazi wa kudumu Marekani, huanza kupiga simu. "Wakili, mimi sina shida. Kila miezi sita naingia Marekani, nagongewa muhuri, nageuza. Si ndivyo sheria inavyotaka?" Sivyo, na haijawahi kuwa hivyo. Sijui nani aliianzisha hadithi hii, ila kwenye makundi ya WhatsApp inatembea kuliko tangazo la bahati nasibu ya viza.

Naona watu wanachanganya hesabu tatu. Ya kwanza ni siku 180: ukizipitisha nje mfululizo, ukirudi unahesabiwa kama mtu anayeomba kuingia upya, na ofisa anaweza kukupima kwa vigezo vyote vya kumkatalia mgeni. Ya pili ni mwaka mmoja: ukifika hapo, kadi peke yake haitoshi tena kuwa hati ya kurudia. Ya tatu ni hesabu ya uraia, nitaigusa chini. Katika zote tatu, hakuna inayosema kwamba ukiwahi kabla ya tarehe fulani, basi umepona.

Kinachoulizwa ni kama ulisafiri kwa muda au ulihama. Mwaka 1975 Bodi ya Rufaa za Uhamiaji iliamua shauri la Kane, mkaazi wa kudumu mzaliwa wa Jamaika. Huko kwao aliendesha nyumba ya kulaza wageni kwa takriban miezi 11 ya mwaka, kisha akawa anakuja Marekani kwa mwezi mmoja hivi. Ziara zile za kila mwaka hazikumsaidia kitu. Bodi ilitazama kwa nini mtu aliondoka, kama safari yake ilikuwa na mwisho unaojulikana, na kama kweli makazi au kazi yake vilikuwa Marekani. Maswali ni hayohayo hadi leo.

Sasa mtazame ndugu yetu pale dirishani. Tiketi yake imeanzia Dar, imepitia Doha hadi Dallas, na inarudi Dar baada ya siku tisa. Begi ni dogo. Ofisa anamuuliza, "Unaishi wapi?" Naye kwa adabu zote anajibu, "Dar es Salaam, nimekuja kuwasalimia watoto." Hapo kesi ameshaieleza mwenyewe. Leseni ya udereva imeisha muda, anwani aliyoandika ni ya shemeji, akaunti ya benki haijaguswa tangu alipoondoka. Anapelekwa chumba cha mahojiano, na huko ndiko anakonikumbuka.

Mlinganishe na mwingine aliyekaa miezi minane Kisumu akimuuguza mama yake. Pango la Houston limelipwa kila mwezi, mwajiri amempa barua ya likizo, cheti cha hospitali anacho. Huyu siku zimemzidi sana yule wa Dallas, lakini mimi ningechagua kumtetea huyu. Ndiyo maana nawasumbua wateja kuhusu bahasha: mkataba wa nyumba, ritani za kodi, barua ya kazi, taarifa za benki, na ushahidi wa kilichokupeleka nyumbani. Ikae kwenye begi la mkononi, usiichanganye na mizigo mikubwa. Wananiita mzee wa makaratasi. Wacha waniite.

"Basi nikifika nyumbani nitaomba kibali cha kurejea." Huwezi. Fomu I-131 ya kibali hicho inawasilishwa ukiwa mwenyewe ndani ya Marekani, halafu kuna miadi ya alama za vidole, kwa hiyo usikate tiketi ya wiki ijayo. Kibali kikitoka, unaweza kuwa umeelekeza kipelekwe ubalozini ukakichukulie huko. Kwa kawaida ni cha miaka miwili na hakiongezwi muda. Kinakukinga usihesabiwe kuwa umeacha ukaazi kwa sababu tu ya urefu wa safari. Lakini ile hesabu ya kuomba uraia haikijui kibali hiki. Ukikaa nje mwaka au zaidi, mfululizo wa ukaazi unakatika hata kibali kikiwa mfukoni, isipokuwa kwa wachache walioidhinishiwa kwa Fomu N-470, ya kulinda mfululizo huo. Ukizidisha miezi sita bila kufika mwaka, unadhaniwa umekatika, na ni juu yako kuonyesha vinginevyo.

"Kadi yangu ni hadi 2032, wasiwasi wa nini?" Tarehe ile ni ya kadi. Ukaazi unaweza kupotea kadi ikiwa bado mpya, na kadi ikaisha muda ukaazi ukiwa mzima. Wa kuiogopa tarehe ni mwenye kadi ya miaka miwili aliyoipata kwa ndoa: Fomu I-751, ya kuondoa masharti ya kadi hiyo, iende ndani ya siku 90 kabla kadi haijaisha, hata kama yuko likizo Malindi.

"Nimepitisha mwaka, kwa hiyo nimeshapoteza." Kuna viza ya mkaazi anayerejea, SB-1, inayoombwa ubalozini, lakini lazima kilichokuzuia kiwe nje ya uwezo wako. Ugonjwa mzito, sawa. "Biashara ilinishika" haipiti. Na kama tayari uko uwanja wa ndege, wakakuwekea Fomu I-407 mbele yako, jua kwamba ni ya hiari. Ukisaini, umejivua ukaazi. Ukikataa, una haki ya kusikilizwa na jaji wa uhamiaji, na huko serikali ndiyo inayopaswa kuthibitisha kwamba uliuacha. Watu wanasaini kwa usingizi baada ya kulala kwenye viti vya ndege, wengine bila kujua kilichoandikwa. Dai mkalimani!

Kodi nitasema kwa ufupi kwa sababu inanipandisha presha. Mwenye grinkadi anayejaza 1040-NR, fomu ya asiye mkaazi, amewaandikia serikali kwa mkono wake kwamba haishi Marekani. Mhasibu aliyekushauri hivyo mpigie simu leo.

La mwisho ni la kina mama, na hapa wengi hujinyima haki wenyewe. Mtoto aliyezaliwa mama mkaazi akiwa nje kwa safari ya muda halazimiki kuombewa viza. Anaweza kuingia naye kabla hajatimiza miaka miwili, mradi iwe ndiyo safari ya kwanza ya mzazi kurudi tangu azaliwe, wakiwa na cheti chake cha kuzaliwa na mzazi mwenyewe akiwa na hati halali. Mama akirudi kwanza kazini peke yake, mtoto akabaki kwa bibi, nafasi hiyo imekwenda. Kinachobaki ni Fomu I-130, ombi la viza ya mwanafamilia, na kusubiri foleni. Nipigieni kabla ya kumpeleka kwa bibi.